Gari jipya la umeme kiwandani: lichomeke kwanza, rangi baadaye

Swali: Nimeagiza gari langu la kwanza la umeme. Muuzaji amenipa hiari: lisafirishwe hadi tawi lililo karibu nami, au nikalichukue mwenyewe kiwandani, kilomita 430 kutoka nyumbani. Nimechagua kiwandani. Nikague nini nikiwa pale, na nirudi nalo vipi bila kuishiwa chaji njiani? Betri yake ina kWh 60 (kilowati-saa, yaani kiasi cha umeme kinachohifadhiwa) zinazotumika, na karatasi ya mtengenezaji inasema linakwenda kilomita 420.

Jibu: Ukifika, macho yatakimbilia rangi. Ni kawaida, gari jipya linang'aa. Lakini hakuna mkwaruzo uliowahi kumkwamisha mtu barabarani. Kinachokwamisha ni tundu la kuchajia linalogoma, betri ndogo iliyokaa miezi bila kuangaliwa, au programu ambayo bado inaamini gari liko safarini juu ya lori. Hayo huyaoni kwa kulizunguka gari. Yanajitokeza pale tu unapolichomeka kwenye umeme. Kwa hiyo panga siku yako hivi: gari lichomekwe mara tu unapokabidhiwa, na ukaguzi mwingine wote ufanyike likiwa linachaji.

Kabla hujatoka nyumbani

Muulize muuzaji gari limeundwa wapi hasa, kwa sababu "kuchukua kiwandani" si lazima kuwe ni kwenye kiwanda kilicholiunda. Volkswagen hukabidhi magari Autostadt, mjini Wolfsburg, pahali palipofunguliwa mwaka 2000, ambako magari husubiri wenyewe ndani ya minara miwili ya vioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja ukibeba magari 400. Hata hivyo, gari lao la umeme la ID.3 kwa miaka mingi limeundwa zaidi mji mwingine, Zwickau, kwa hiyo linapoingia mnarani limeshasafiri. BMW hukabidhi BMW Welt, Munich, tangu 2007. Gari lao la umeme la i4 huundwa jirani tu hapo, ila iX hutoka mji mwingine, Dingolfing. Tesla nao walikabidhi Model S za kwanza kiwandani Fremont, California, Juni 2012, na kwenye namba ya chesisi za magari yao herufi ya 11 inakuambia kiwanda: F ni Fremont, A ni Austin, B ni Grünheide karibu na Berlin.

Maana ya swali hilo ni hii. Gari lililotoka kwenye mstari wa kuundia likasogezwa mita mia chache hadi kwako, kasoro yoyote utakayoiona ni ya kiwanda na hakuna wa kurushiana naye lawama. Lililopanda lori au treni laweza kuwa na alama za kamba kwenye rimu, tairi zilizojazwa upepo kupita kiasi ili zistahimili kusimama muda mrefu, na hali ya usafirishaji (mpangilio wa programu unaozima vitu vingi gari likiwa safarini) ambayo haijazimwa. Ukijua limetoka wapi unajua pa kutazama.

Uliza pia kama gharama ya usafirishaji itaondolewa kwenye ankara. Wengi hudhani kulifuata gari mwenyewe kunapunguza bei. Mara nyingi ile gharama ni ya kudumu na inabaki palepale, au inaondolewa na mahali pake inawekwa ada ya makabidhiano. Upate jibu kwa maandishi.

Kisha toa ombi moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: waambie siku hiyo wakuachie betri ikiwa kati ya asilimia 50 na 60, wasiijaze. Betri iliyojaa hairuhusu kupima kuchaji. Ikishapita asilimia 90 gari lenyewe hupunguza umeme linaopokea, na utabaki hujui kama umeme mdogo unaouona ni kwa sababu betri imejaa au kwa sababu chaja ya ndani, kile kifaa cha gari kinachobadilisha umeme wa kawaida uingie betrini, ni mbovu.

Programu ya simu ya mtengenezaji ipakue na ufungue akaunti ukiwa bado nyumbani, kwenye intaneti ya uhakika. Kumbi za makabidhiano nyingi zina kuta nene za zege na mtandao wake ni wa kubahatisha. Fungua pia akaunti za mitandao miwili tofauti ya chaja za barabarani, zote zikiwa na njia ya malipo iliyokwisha kuthibitishwa. Kwenye begi weka tochi, kipimo cha upepo wa tairi, kitambaa cheupe cha pamba na chaja ya akiba ya simu, maana siku hiyo simu ndiyo ufunguo, ndiyo ramani na ndiyo pochi. Bima ianze kufanya kazi siku hiyo hiyo, kabla ya saa ya makabidhiano. Namba za muda, kama sheria ya mahali hapo inazidai, ziwe zimeshughulikiwa.

Omba miadi ya asubuhi. Unahitaji saa mbili na nusu hadi tatu, na mwanga wa jua.

Kwenye plagi

Kama kiwanda kina chaja ya haraka ya DC, inayoingiza umeme betrini moja kwa moja kama zile za barabarani, anza nayo. Chomeka, kisha sikiliza. Kwanza utasikia kufuli la tundu likibana plagi. Halafu sekunde kadhaa za ukimya: gari na chaja zinaulizana ni nani, zinataka volti ngapi, zinaweza kupokea ampea ngapi. Baada ya hapo chaja hupima kama insuleta za nyaya ni nzima na umeme hauvujii kwenye bodi, na volti za pande mbili husawazishwa. Ndipo inasikika *tak*, pengine mara mbili, kutoka chini ya sakafu au chini ya kiti cha nyuma. Hizo ni kontakta, swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na nyaya za nje. Kuanzia hapo kilowati zinapanda kwenye skrini. Shughuli nzima huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja.

Kipimo chako hapa si kilowati nyingi. Betri ikiwa baridi, au ikiwa imepita nusu, au jirani akiwa amechomeka kwenye mashine hiyo hiyo, umeme utakuwa mdogo na gari halina kosa. Unachopima ni mambo mawili: kuchaji kunaanza bila kulazimisha, na kunaendelea dakika 5 hadi 10 bila kukatika. Kukikatika, usililaumu gari bado. Hamia chaja nyingine. Likikataa kwenye chaja mbili tofauti ambazo magari mengine yanachaji vizuri, tatizo liko ndani ya gari, na hapo ushauri wetu hauna ukakasi: usilipokee siku hiyo. Mfanyakazi mwema anaweza kukuambia kwamba sasisho la programu litalirekebisha ukifika nyumbani. Huenda ni kweli. Lakini nyumbani ni kilomita 430, na bila DC hufiki.

Baada ya hapo hamishia gari kwenye chaja ya AC, ya polepole, inayotoa umeme wa kawaida kama wa nyumbani, na uliache hapo muda wote wa ukaguzi. Kwenye AC ni lazima ujue hesabu. Chaja ya ndani ya gari inayoandikwa kW 11 (kilowati, yaani kasi ya kuchaji) hupokea fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme, kila moja ampea 16 kwa volti 230: mara tatu, ni kW 11. Angalia skrini ya gari. Ukiona kW 7.4 mahali ambapo stesheni inatoa fezi tatu, kuna fezi moja haifanyi kazi. Chaja nyingi za ndani zimeundwa kwa moduli tatu, moja kwa kila fezi, na moja ikifa nyingine mbili zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna taa ya onyo inayowaka, gari linachaji, mteja anaondoka akiwa na furaha, na anakuja kugundua miezi baadaye kwamba usiku mmoja haumtoshi kujaza. Badilisha kebo na stesheni kwanza ili kuwatoa kwenye lawama, kisha kama bado ni 7.4, andika kwenye fomu ya makabidhiano. Mahali penye fezi moja tu, gari lililotajwa kW 7.4 lionyeshe ampea 32 au karibu na hapo.

Kutoka asilimia 55 hadi 90 kwa betri yako ni kWh 21. Kwa kW 11 hiyo ni saa mbili hivi, yaani muda ule ule wa kulikagua gari.

Kabla hujachomoa, uliza ilipo kamba ya dharura ya kufungulia kufuli la tundu. Kwenye magari mengi iko ndani ya buti, nyuma ya kifuniko kidogo upande wa tundu, au chini ya boneti. Ni kitu cha sekunde kumi kuonyeshwa; ukikihitaji usiku wa mvua na plagi imeng'ang'ania, kukitafuta kwenye kitabu cha kurasa mia nne ni adhabu.

Betri ndogo, inayosahaulika

Gari la umeme lina betri mbili, na ile inayokwamisha watu wengi kuliko wanavyotarajia ni ndogo, ya volti 12. Ndiyo inayowasha kompyuta, inayofungua milango na inayozivuta zile kontakta zikaunganisha betri kuu. Ikifa, gari lenye betri kuu iliyojaa linakuwa kama jiwe. Betri hii hufa zaidi gari linapokaa uani kwa wiki nyingi huku wafanyakazi wakifungua na kufunga milango, kwa sababu kila mlango ukifunguliwa kompyuta zinaamka.

Tazama tarehe ya kuundwa kwa gari. Ikiwa imepita miezi miwili au mitatu, omba betri ndogo ipimwe mbele yako. Ya risasi na asidi, gari likiwa limelala, inapaswa kusoma karibu na volti 12.6; chini ya 12.2 imeshuka hadi nusu hivi, na ikiwa imekaa hivyo muda mrefu omba ibadilishwe. Betri ndogo za lithiamu zina volti zake nyingine, hizo mwachie fundi asome kwa kifaa chake. Uliza vilevile mlango unafunguliwaje kwa mkono umeme ukikatika, kutoka ndani na kutoka nje, na nguzo za kuongezea umeme wa volti 12 ziko wapi. Waonyeshe hivyo na abiria utakaosafiri nao.

Kiyoyozi si anasa

Gari likiwa bado linachaji, washa kiyoyozi kwenye baridi kali dakika tano, kisha joto kali dakika tano. Kwenye magari mengi ya sasa mfumo mmoja wa gesi na maji hupoza sehemu ya abiria na betri kuu pia. Gesi ikiwa pungufu, leo utaona hewa isiyo baridi; wiki ijayo utaona gari linapunguza kasi ya kuchaji kwenye DC kwa sababu limeshindwa kupoza betri. Mlio wa feni na pampu ukiwa umechomeka ni wa kawaida. Mlio wa kukwaruza, au harufu tamu ya maji ya kupoza, si ya kawaida.

Bodi, tairi na chini ya gari

Hapa tutakwenda haraka, kwa sababu ukaguzi huu ni kama wa gari lolote. Zunguka na tochi ukiimulika pembeni, si moja kwa moja. Mibonyeo na vumbi lililonasa ndani ya rangi huonekana kwa mwanga wa mshazari. Nafasi kati ya mlango na mlango ziwe sawa kulia na kushoto. Pitisha kitambaa cheupe kwenye raba za buti baada ya gari kuoshwa: kikitoka na unyevu upande wa ndani, maji yanapenya. Karatasi ya plastiki ya kulinda rangi, kama ipo bado, itolewe leo, kwani jua likiikausha gundi yake huacha madoa.

Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na haina kamwe I, O wala Q. Isome chini ya kioo cha mbele, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, kwenye skrini ya gari na kwenye kila karatasi. Zote ziwe moja. Herufi moja iliyokosewa kwenye hati ya usajili huchukua wiki kusahihisha.

Tairi zina muhuri wa namba nne: 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Zote nne zikaribiane. Upepo upime tairi zikiwa baridi, ulinganishe na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, maana ile ni kiwango cha juu cha tairi lenyewe. Magari ya umeme ni mazito na tairi zake huwa na daraja maalumu la kubeba uzito, pengine na sponji ndani ya kupunguza kelele, hivyo jua mapema kwamba fundi wa pancha wa kawaida atahitaji kuambiwa. Uliza kama kuna tairi ya akiba. Mara nyingi hakuna, kuna chupa ya dawa ya kuziba na pampu. Kama rimu zina nati ya kuzuia wizi, hakikisha soketi yake imo. Hakikisha pia ndoano ya kuvutia gari ipo, lakini ujue inatumika kulipandisha gari juu ya lori tu: magurudumu ya gari la umeme yakizungushwa barabarani, mota inazalisha umeme na inaweza kuunguza vifaa.

Omba liinuliwe, au inama na tochi. Sakafu ya gari hili ni kasha la betri kuu. Mchubuko kwenye plastiki ya kukinga ni kitu kidogo. Mbonyeo kwenye chuma cha kasha si kitu kidogo, ni sababu ya kutosaini. Na mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole sehemu nne za kuwekea jeki, kwa sababu jeki ikiwekwa nje ya hapo hupanda moja kwa moja kwenye betri.

Programu na funguo

Kwenye skrini hakikisha kwamba maandishi ya hali ya usafirishaji hayapo. Hali hiyo huzima vitu vingi ili kuhifadhi chaji, na gari linaweza kukubali kutembea huku huduma nyingine zimelala. Pitia orodha ya ulivyolipia na ukiwashe kila kimoja: viti vya joto, taa, mifumo ya kumsaidia dereva, kamera zote. Mtumiaji mkuu kwenye akaunti uwe wewe, na wafanyakazi wa kiwanda wawe wamefutwa. Funguo zote mbili, au kadi zote mbili, zijaribiwe moja baada ya nyingine, kufungua na kuendesha. Hata kama simu inafungua vizuri, kadi ikae mfukoni, isiachwe ndani ya gari.

Likikuletea ujumbe wa sasisho, ukatae kwa leo. Sasisho huweza kuchukua nusu saa hadi zaidi ya saa nzima, gari halitembei wakati huo, na likikwama katikati safari imekwisha. Kama toleo jipya lina kitu unachokihitaji, lifanyike kiwandani kabla ya miadi yako. Usishtuke pia mifumo ya kushika mstari wa barabara ikikataa kufanya kazi kwanza. Kamera za magari mengi hujipima zenyewe zikiwa barabarani, na huhitaji makumi kadhaa ya kilomita kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri.

Saini

Fomu ya makabidhiano ndiyo ushahidi wako. Kila kasoro iandikwe humo kwa maneno ya wazi, ikiwa na mahali na ukubwa: "mkwaruzo wa sentimita 3, mlango wa nyuma kushoto, chini ya kitasa". Usikubali "kasoro ndogo za rangi". Piga picha, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni upande gani. Ahadi ya mdomo kwamba tawi la karibu nawe litashughulikia haitakusaidia, kwa sababu tawi hilo halikuwepo. Angalia tarehe ambayo dhamana inaanza kuhesabiwa. Kwa betri kuu, dhamana ya kawaida kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa sharti kwamba uwezo usishuke chini ya asilimia 70. Soma yako inasemaje.

Barabarani

Zile kilomita 420 za kwenye karatasi, kama ni za WLTP, kipimo rasmi kinachotumika Ulaya, zimepatikana kwa mzunguko wa maabara wa kilomita 23.25 ndani ya dakika 30, yaani wastani wa 46.5 kwa saa. Barabara kuu haifanani na hiyo. Ukitoka mwendo wa 90 ukaenda 120, nguvu ya upepo inayolizuia gari inaongezeka kwa asilimia 78. Kwa gari la ukubwa wako, lishike kwenye 110, ukadirie kWh 19 kwa kila kilomita 100. Baridi kali au mvua kubwa, weka 22.

Hesabu yako basi ni hii. Kilomita 430 zinataka kWh 82. Ukiondoka na asilimia 90 una kWh 54, na unataka kufika na angalau asilimia 15, yaani kWh 9. Unahitaji kuongeza kWh 37 njiani.

Kishawishi ni kwenda mbali iwezekanavyo kabla ya kusimama. Usifanye hivyo na gari usilolijua. Simama mara ya kwanza baada ya kilomita 80 hivi, ukiwa na asilimia 65, uchaji dakika 10. Utaongeza labda kWh 8. Lengo ni kuthibitisha kwamba DC inafanya kazi kwenye mtandao wa kawaida, nje ya uangalizi wa mafundi, ukiwa bado na umeme wa kukurudisha kiwandani. Kusimama kwa pili kuwe karibu na kilomita 230. Hapo utakuwa na asilimia 30, na chaja yenye kukupa wastani wa kW 70 itakufikisha 78 kwa dakika 25, zinazotosha kukufikisha nyumbani na akiba yako. Kituo cha pili kichague chenye mashine zaidi ya nne, na ujue jina la kingine kilicho kilomita 30 au 40 kabla yake. Weka kituo kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu, kwa sababu gari likijua linakwenda kuchaji huipasha betri joto mapema. Ukipita asilimia 80 umeme unapungua sana, ondoka.

Kuna jambo moja la usalama ambalo tunaomba ulichukulie kwa uzito. Umezoea kusoma kwamba gari la umeme hupunguza mwendo lenyewe ukiachia pedali, likirudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa au ikiwa baridi, haina pa kuuweka umeme huo, na gari linaserereka bila kushikwa. Dereva mgeni anayetoka kiwandani na asilimia 100 hukutana na hali hiyo kwenye mteremko wa kwanza, mguu wake ukiwa bado unasubiri gari lijishike. Hii ndiyo sababu tumesema asilimia 90. Kabla hujaingia barabarani, zunguka ndani ya eneo la maegesho mara kadhaa, uachie pedali, ukanyage breki, mpaka mguu uelewe.

Breki za diski ni mpya na hazitapata kazi nyingi. Kwenye barabara tupu zipe breki kumi za wastani, kutoka 60 hadi 10, ukiacha nafasi zipoe kati ya moja na nyingine. Tairi nazo bado zina mafuta ya kwenye kalibu zilikotengenezewa, kwa hiyo kilomita 300 za mwanzo kata kona kwa upole, hasa penye maji.

Usiku wa kwanza na wiki inayofuata

Kama bado hujafungiwa chaja ya ukutani, kebo ya soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa kW 2.3, na kujaza kWh 40 itachukua zaidi ya saa 17. Usiunge waya wa kuongezea urefu. Baada ya nusu saa shika plagi: ikiwa ya vuguvugu endelea, ikiwa ya moto usioshikika zima, kwani soketi hiyo haifai. Kikomo cha kuchaji kila siku kiweke asilimia 80 kama betri ni ya nikeli, manganizi na kobalti. Kama ni ya chuma na fosfeti, watengenezaji wengi hushauri kuijaza asilimia 100 mara moja kwa wiki, kwa kuwa volti zake hazibadiliki sana kutoka nusu hadi karibu kujaa, na kompyuta hupoteza hesabu isipofika juu.

Kisha liache limelala usiku mzima bila kulichomeka, na uandike asilimia kabla na baada. Kupoteza asilimia 1 ni sawa. Likipoteza 4 au 5 kila usiku, zima kamera za ulinzi na uache kufungua programu ya simu kila mara, kwa sababu vyote viwili huzuia kompyuta kulala. Usiku wa tatu ikiwa bado inashuka vilevile, wapelekee fundi wa mtengenezaji hizo namba ulizoandika na uwaombe watafute ni moduli gani inakataa kulala, kabla betri ndogo haijaanza kuchoka kwa ajili yake.